Kisu Katika Koo la Mtoto

Wasikilizaji, mtoto wa pwani yetu, tangu Kilwa hata Lindi, akishikwa na kikohozi kisichokoma, hawakosekani watu wasemao, "Kimeo chake kimerefuka, na akatwe." Hupelekwa kwa mkata kimeo, ambaye kazi yake ni kukata. Desturi hii ni ya kale, wala si ya Waafrika peke yao. Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika jinsi ya kukata kimeo, na mafindofindo pia.

Baadaye Wazungu waliyaandama mafindofindo. Mwaka 1934 ilitolewa habari ya watoto wa shule 1,000 katika mji wa New York. Watoto 611 walikuwa wamekwisha kukatwa. Wale 389 waliosalia walionyeshwa madaktari, nao wakachagua 174 wakatwe. Wale 215 walioambiwa kuwa ni wazima wakapelekwa kwa madaktari wengine. Hao wakachagua 99. Wakabaki 116, madaktari wa mara ya tatu wakachagua 51. Watoto ni wale wale. Aliyebadilika ni mtazamaji.

Mwaka 1938 Daktari J. Alison Glover alieleza habari za Uingereza. Aliona kwamba katika wilaya moja watoto hukatwa mara nyingi kuliko katika wilaya jirani. Akatafuta sababu katika umaskini, msongamano wa nyumba na hali ya hewa, asiione. Huko Hornsey, karibu na London, mwaka 1929, chini ya daktari mpya wa shule, hesabu ilishuka ikawa kama moja kwa kumi ya ile ya kwanza.

Basi twajifunza nini? Mara nyingi kinachoamua si ugonjwa wa mtoto, bali rai ya mwenye kisu. Mafindofindo, kwa watoto wachache wanaougua mno au kuzibwa pumzi, hukatwa kwa manufaa. Lakini kimeo ni kiungo cha kila mtu, na kukikata hakuondoi kikohozi cha kifuani. Jeraha lake laweza kutoka damu nyingi au kuleta pepopunda, na wembe uliotumiwa kwa mwingine waweza kuleta UKIMWI.

Enyi wazazi, kikohozi kisichokoma chaweza kuwa homa ya mapafu au kifua kikuu. Mpelekeni mtoto zahanati. Na yeyote atakayewaambia akatwe, mwulizeni kwanza: ni kwa ugonjwa gani?