Potleti ni Nini, na Mbona eCitizen Ikilala Kila Kitu Kinalala?

Ukikaa Jomvu Kuu kontena hazikushangazi, zinapita kwa barabara usiku na mchana. Ujanja wake uko kwa zile pembe. Vipimo na matundu yake ni sawa dunia nzima, so krini ya Kilindini na lori la Miritini zinaishika bila kuuliza ndani kuna mchele ama mitumba.

Ma-developer nao wana akili hiyo hiyo. Potleti ni kipande kidogo cha programu kinachokaa ndani ya ukurasa mkubwa wa wavuti, na huo mkubwa ndio potali. Potleti haichori ukurasa mzima. Inatoa sehemu yake tu: salio lako, fomu, ama maombi yako yamefika wapi. Potali inapanga vipande, na inakutambua mara moja kwa niaba ya vyote. Na kile kinachoziendesha potleti kinaitwa, cheki hii, kontena.

Kwa Java, sheria za hizo pembe zilitoka 2003 kwa jina JSR 168. Zilikuwa na shida moja noma: potleti mbili hazikuwa na njia rasmi ya kupigiana stori. Unachagua Mombasa kwa hii, ile ya hali ya hewa haina habari. JSR 286 ya 2008 ndiyo ikarekebisha. Siku hizi vijana wengi wanatumia komponenti za React na wenzake, lakini wazo ni lile lile: tengeneza mara moja, pachika popote.

Kwetu mfano mkubwa ni eCitizen. Naongelea umbo lake, sio Java. Logini moja, malipo mahali pamoja, halafu kila idara na kipande chake: pasipoti, leseni ya NTSA, good conduct ya DCI. Juni 2023 serikali ilisema huduma zimepita 5,000, na mwaka huo huo ikaamuru malipo yaende Paybill 222222. Kwa msee wa Jomvu anayesaka good conduct ndio apate kazi Gulf, hiyo ni afueni. Hajazi jina na namba ya kitambulisho upya kwa kila ofisi.

Sasa cheki upande wa pili. Mwisho wa Julai 2023, hata mwezi haujaisha, kundi linalojiita Anonymous Sudan likaifurika eCitizen na maombi feki mpaka ikakosa pumzi. Waziri wa ICT wakati huo, Eliud Owalo, alikubali shambulio lilitokea, akasema hakuna data iliyopotea. Sawa, lakini hakukuwa na haja ya kuvamia idara moja moja. Mlango ukizibwa, wote walio nyuma yake wamekwama, na ukiwa na deadline ya ajenti hiyo "data iko salama" haikusaidii.

Kama unajenga zako mtaani, kipande utakachokopa kwanza pengine ni malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom. Hapo wengi huchomeka. Matokeo ya malipo hayaji papo hapo, yanatumwa baadaye kwa anwani uliyowapa. Yakipotea njiani, mteja ashakatwa doo na ukurasa bado unamwambia asubiri. Kwa hivyo andika kila muamala kwako kabla ya kuutuma, na jibu likichelewa, programu yako iulize Daraja yenyewe umefikia wapi. Hiyo njia ya kuulizia iko, ni vile watu hawaitumii.