Maji ya Ngozi na Ziwa Lisilo na Mlango wa Kutokea

Ziwa Nakuru hupokea, halitoi. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji huondoka na jua. Yaliyoyeyuka ndani yake hubaki. Historia ya usindikaji wa ngozi Nakuru haieleweki bila jambo hilo.

Zamani Wamaasai na Wakalenjin waliiwamba ngozi kwa vigingi, wakaikwangua nyama, wakaisugua mafuta hadi ikalainika. Maji machafu hayakuwa neno. Mwaka 1903 miti ya miwati ililetwa Kenya, na magome yake yenye tanini yakawa biashara kubwa hadi Eldoret. Gome huivisha ngozi taratibu, kwa majuma. Kumbe huko New York Augustus Schultz alikuwa amekwisha kusajili, mwaka 1884, njia ya kutumia chumvi za krome, na Martin Dennis akairahisisha mwaka 1893. Ngozi ikaiva kwa siku moja, ikatoka na rangi ya buluu. Viwanda vikaikumbatia dunia nzima, na vya kwetu pia.

Ila ngozi hainywi krome yote. Theluthi moja hivi huweza kubaki majini, na tani moja ya ngozi mbichi huacha takriban mita za ujazo 30 za maji machafu. Mabwawa ya maji taka ya mji yanayoyapokea hutegemea vijidudu na mwani. Hayawezi kuiteketeza metali. Krome hunaswa kiwandani au hainaswi.

Kuinasa si uchawi. Maji ya krome yakitiwa chokaa au magnesia hadi pH ya 8 au 9, rangi huganda mbele ya macho, ikazama kama tope la kijani na kuacha maji maangavu juu. Tope hilo likichujwa na kuyeyushwa kwa asidi ya salfa, krome hurudi kazini. Maji ya kunyonyoa manyoya, yenye sulfidi, hupulizwa hewa pamoja na manganizi kidogo. Ole wao wanaoyachanganya mapema na maji ya krome yenye asidi: hutoka gesi inayonuka mayai viza, nayo huua. Ufundi wote umo katika kuyatenga kwanza. Mwishoni hutiwa shabu ili kuzamisha uchafu uliobaki, ileile ambayo mama kijijini huizungusha kwenye ndoo ya maji ya mtoni.

Ziwa lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na mwaka 1990 likaingia orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Heroe walipokufa kwa wingi mwaka 1993 na 1995, watafiti walipima metali nzito, wakapima na sumu za mwani. Ubishi juu ya chanzo haujaisha. Sheria ya Mazingira ilikuja mwaka 1999, na kanuni za ubora wa maji mwaka 2006. Mwaka uliofuata ushuru wa kusafirisha ngozi mbichi nje ulipandishwa hadi asilimia 40. Naiona hatua njema: kazi zilibaki nyumbani. Lakini na maji machafu yalibaki nyumbani.

Limebaki moja, chumvi ya kuhifadhia ngozi. Chokaa haiishushi, shabu haiishushi. Wenye viwanda, ikung'uteni juu ya meza kabla ya kulowesha ngozi, kwa kuwa ikishayeyuka haina pa kwenda ila ziwani.