Taya Linapoutangulia Utumbo

Mwaka 1951 Eldon Gardner, mtaalamu wa jenetiki wa jimbo la Utah nchini Marekani, alichapisha utafiti kuhusu ukoo ambao saratani ya utumbo mpana ilikuwa ikiuandama kizazi baada ya kizazi. Miaka miwili baadaye, akishirikiana na mtafiti mwenzake Richards, alionyesha kwamba ndugu waliokuwa na polipu, yaani vinyama vidogo, utumboni walikuwa pia na vivimbe chini ya ngozi na vinundu vigumu vya mfupa, vingi vikiwa kichwani na kwenye taya. Baadaye watafiti wengine waliongeza meno: meno ya ziada, meno yaliyokwama ndani ya mfupa, na odontoma, yaani vivimbe vinavyojengwa na tishu za jino lenyewe.

Leo mkusanyiko huo, unaoitwa sindromu ya Gardner, huhesabiwa kuwa sura mojawapo ya ugonjwa wa kurithi wa polipu nyingi za utumbo mpana, unaompata takriban mtu mmoja kati ya 10,000. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni ya APC, iliyo kwenye kromosomu ya 5 na kutambuliwa mwaka 1991. Polipu huanza kujitokeza katika umri wa balehe, zikafikia mamia au maelfu. Mgonjwa asipofanyiwa upasuaji, saratani ni karibu hakika, kwa wastani akiwa na umri wa miaka 39 hivi.

Lakini jino na utumbo vinakutana wapi? Protini ya APC husaidia kuvunja protini nyingine, beta-katenini, ambayo huziamuru seli ziendelee kugawanyika. APC ikiharibika, amri hiyo haizimwi. Njia hiyohiyo ya mawasiliano ya seli ndiyo inayoamua jino lichipuke wapi na lini. Panya walioondolewa Apc katika tishu za kinywa wameota meno ya ziada hata ukubwani. Ushahidi wa upande wa pili ulitoka Finland mwaka 2004. Katika familia moja, watu 11 walikosa angalau meno manane ya ukubwani, na wanane kati yao walikutwa na saratani ya utumbo mpana au dalili zinazoitangulia. Hitilafu yao ilikuwa katika AXIN2, jeni inayofanya kazi katika njia hiyohiyo. Kwa hiyo pengo lisilo la kawaida nalo linastahili kuulizwa, sawa na jino lililozidi.

Uzito wa jambo hili uko kwenye wakati. Vinundu vya taya vinaweza kuonekana miaka kadhaa kabla polipu hazijaleta dalili yoyote. Kijana wa miaka 14 asiyeumwa tumbo hana sababu ya kwenda kupimwa utumbo, ila atapelekwa kwa daktari wa meno kwa sababu jino lake la ukubwani limegoma kutoka. Hapo ndipo picha ya eksirei ya taya zima inapoweza kumwokoa, mradi anayeisoma asiishie kwenye jino lililomleta.

Kuna pingamizi la haki. Meno ya ziada hutokea kwa watu wengi wenye afya, na yapo magonjwa mengine ya kurithi yanayoyaleta bila kugusa utumbo. Kumpeleka kila mwenye jino la ziada kwenye kolonoskopi, yaani uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera, kungekuwa ni kuwatesa watu bure. Kinachopaswa kumshtua daktari ni dalili zinapokutana: vinundu vya mfupa zaidi ya kimoja, hasa kwenye pembe ya taya la chini, pamoja na meno yaliyokwama au odontoma. Hapo aulize nani katika ukoo aliugua saratani ya utumbo, na akiwa na umri gani. Swali hilo halina gharama, na katika kliniki nyingi za Afrika Mashariki, ambako kipimo cha jeni hakiko karibu, ndilo la kuanzia.

Hata hivyo, jibu la “hakuna” lisimfanye alegee. Kati ya robo na theluthi ya wagonjwa ndio wa kwanza katika familia zao, kwa kuwa hitilafu imeanzia kwao. Kwa hao, daktari wa macho anaweza kusaidia pakubwa: wengi wenye ugonjwa huu huwa na madoa meusi kwenye retina tangu utotoni, na kuyatafuta hakuhitaji kisu wala dawa ya usingizi.

Hatari kubwa imejificha katika kazi iliyofanywa vizuri. Kinundu kinakatwa, maabara inathibitisha kuwa si saratani, kidonda kinapona na faili linafungwa. Majibu yale ni ya kweli kuhusu kinundu, lakini hayasemi lolote kuhusu utumbo. Barua ya rufaa inapaswa kuandikwa siku hiyohiyo, ikiwataja pia ndugu wa mgonjwa: mzazi akiwa na hitilafu hii, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, na uchunguzi wa utumbo kwa walio hatarini huanza wakiwa na miaka 10 hadi 12.