Kinjeketile wa Historia na Kinjeketile wa Mchezo: Tulivyousoma Sisi wa Nchi Jirani

Katika somo la fasihi, mwanafunzi aghalabu huulizwa maswali mawili: mwandishi amesema nini, na amelisemaje. Swali la tatu, yaani mwanafunzi mwenyewe ameguswa vipi na maandishi hayo, haliulizwi mara nyingi, pengine kwa sababu halina jibu moja linaloweza kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Katika makala hii tunakusudia kulijibu swali hilo la tatu kuhusu mchezo mmoja tu, Kinjeketile wa Ebrahim Hussein. Tunakusudia pia kueleza kwa nini jibu letu, sisi tuliojifunza Kiswahili nchini Burundi, lilitofautiana na lile tulilolikuta baadaye kwa wenzetu wa Tanzania.

Ebrahim Hussein alizaliwa mwaka 1943 kusini mwa Tanzania. Mchezo wake ulichapishwa mwaka 1969, naye mwenyewe akaufasiri kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Kabla ya hapo michezo mingi ya Kiswahili iliyopigwa chapa ilikuwa mifupi, yenye kuchekesha na kuonya juu ya mapenzi, uchawi na tamaa ya fedha. Kinjeketile ulikuwa mchezo wa namna nyingine. Ulichukua jambo zito la historia, Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ukaliweka jukwaani kwa lugha ya watu wa kawaida wanaoona njaa, kodi na viboko vya mnyapara. Tangu wakati huo umesomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Tanzania na Kenya, na umevuka mipaka hadi kwetu.

Yafaa ikumbukwe kwamba historia hiyo si ya watu wengine kwetu sisi. Wakati wa vita hivyo Burundi na Rwanda zilihesabiwa kuwa sehemu ya koloni lile lile la Ujerumani katika Afrika ya Mashariki. Bujumbura, iliyoitwa Usumbura siku hizo, ilikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani. Mfalme Mwezi Gisabo alikuwa amelazimishwa kukubali utawala wao kwa mkataba wa Kiganda mwaka 1903, miaka miwili tu kabla ya pamba kung'olewa katika milima ya Umatumbi. Hata gavana aliyekuwa Dar es Salaam vita vilipozuka, Gustav Adolf von Götzen, ndiye yule aliyepita Rwanda mwaka 1894 na kuonana na Mfalme Kigeli Rwabugiri. Bwana mmoja alitutawala sote, ingawa hatukupigana naye siku moja wala kwa namna moja.

Hata hivyo, tulipoufungua mchezo huu kwa mara ya kwanza hatukuwa na habari ya mambo hayo. Tulikuwa wanafunzi wa Bujumbura katika miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993. Wengine wetu walikuwa na Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi na cha sokoni. Wengine walikipata katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania, walikokimbilia wazazi wao mwaka 1972. Tuliusoma mchezo kwa zamu, kila mmoja akichukua mhusika wake, kwa kuwa nakala zilikuwa chache kuliko wasomaji.

Hadithi yenyewe wasomaji wetu wengi wanaijua. Watu wanateseka chini ya Mjerumani, lakini kila kabila linamshuku jirani yake, na hakuna awezaye kuanza peke yake. Kinjeketile anapagawa na mzimu Hongo, anaingia mtoni, anatoka na maji ambayo yatazigeuza risasi kuwa maji. Maji hayo yanawaunganisha waliokuwa hawaaminiani. Kisha vita vinapiganwa, risasi zinabaki risasi, na watu wanakufa. Mwishoni Kinjeketile yumo kifungoni pamoja na Kitunda, rafiki yake na kiongozi wa wapiganaji. Wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda mwenyewe, aliyewaona watu wake wakianguka, anamsihi aseme hivyo. Kinjeketile anakataa, kwani akikiri, watoto na wajukuu wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigana.

Tukiri waziwazi: katika usomaji ule wa kwanza, darasa letu karibu lote lilikuwa upande wa Kitunda. Tulimkasirikia Kinjeketile. Tulisema huyu ni mtu aliyewatuma wenzake mbele ya bunduki kwa dawa isiyofaa, na hata baada ya maiti kulala uwanjani anashikilia neno lake. Mwalimu alituambia kwamba Kinjeketile ni shujaa. Tuliliandika jibu hilo katika mtihani, maana ndilo lililotakiwa, lakini mioyoni hatukulikubali.

Hasira ya pili ilitujia baadaye, tulipoanza kusoma historia. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee walioviona vita au kusimuliwa na walioviona, na katika miaka hiyo Gilbert Gwassa na John Iliffe walichapisha kijitabu cha kumbukumbu za Majimaji. Humo tulikutana na Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mtu aliyeishi kweli. Wazee walisimulia jinsi alivyotoweka katika kidimbwi cha mto mwaka 1904, jamaa zake wakamngoja, naye akatoka siku ya pili na nguo kavu. Walisimulia jinsi watu walivyomiminika Ngarambe kuchukua maji, na jinsi alivyowaagiza wasianze vita kabla hajatoa amri. Watu wa Umatumbi hawakuweza kungoja. Mwezi Julai 1905 waling'oa pamba ya Mjerumani huko Nandete, na hiyo ikawa ishara ya vita.

Ndipo tulipoiona tarehe iliyotushtua. Wajerumani walimnyonga Kinjeketile tarehe 4 Agosti 1905 huko Mohoro, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Mashambulizi ya boma la Mahenge, ambako wapiganaji wengi walikatwa na bunduki za rashasha, yalitokea tarehe 30 Agosti. Maana yake ni kwamba Kinjeketile wa historia hakuishi kuona maji yakishindwa. Kwa hiyo mazungumzo ya kifungoni baada ya kushindwa, yale yaliyotukasirisha na kutuliza, hayakuweza kutokea.

Tulijiona tumedanganywa. Tulikuwa tumemhukumu mtu kwa kosa ambalo hakupata nafasi ya kulitenda. Lakini tuliporudi kwenye utangulizi wa mwandishi, ambao kama wanafunzi wengi tulikuwa tumeuruka, tulikuta ametuonya mapema. Hussein anaeleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, anayefanana na yule wa historia bila ya kuwa yeye, na kwamba pale ambapo ukweli wa historia haukulifaa kusudi lake, aliazima katika mawazo. Basi kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumeusoma mchezo kama kitabu cha historia.

Kutoka hapo tuliliuliza swali lililostahili kuulizwa tangu mwanzo: kwa nini mwandishi alimwacha hai mtu ambaye historia ilimnyonga? Jibu letu ni hili. Kifo cha Agosti 4 kilimwokoa Kinjeketile wa historia na kuulizwa. Hakuna aliyeweza kumwendea baada ya Mahenge na kumwambia: tazama, wamekufa, sasa unasemaje? Hussein alimbakiza hai ili mtu aweze kumwuliza, na akamchagua mwulizaji mwenye haki kuliko wote, yaani Kitunda. Historia inatueleza idadi na miezi. Mchezo unamsimamisha mwenye neno mbele ya mtu aliyeumizwa na neno hilo.

Na idadi yenyewe si ya kupuuzwa. Wajerumani walikadiria kwamba Waafrika 75,000 walikufa. Gwassa alikadiria kuwa walifikia kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi, bali kwa njaa, baada ya majeshi ya koloni kuchoma vijiji na kuharibu mazao mashambani. Anayesema kwamba maji yaliua watu hana budi kukumbuka ni nani aliyeshika kiberiti.

Baadaye tulipata kuzungumza na walimu wenzetu wa Tanzania juu ya mchezo huu. Kwao, hoja ya Kinjeketile kwamba mtu huweza kulizaa neno, neno likakua hata likampita yeye aliyelizaa, ni hoja ya fahari. Neno hilo kwao ni umoja na uhuru. Lilishindwa mwaka 1905, likaendelea kuishi chini kwa chini, likazaa matunda tarehe 9 Desemba 1961. Wana ushahidi wao. Mwaka 1956, Julius Nyerere aliposimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa kuidai nchi yake, aliwakumbusha wasikilizaji kwamba watu wa Majimaji walipigana kwa kuwa hawakuamini kuwa mgeni ana haki ya kuwatawala. Wajukuu hawakuambiwa kwamba babu zao walikosea. Kwa kipimo hicho Kinjeketile wa mchezo alishinda.

Sisi tulilisikia neno lile lile kwa sikio jingine. Katika nchi yetu pia tumeona maneno yakikua kuliko waliyoyasema. Mwaka 1972, na tena baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu ya watu waliuawa, na mara nyingi kilichotangulia panga au bunduki ni uvumi: kwamba jirani anajiandaa, kwamba usipomwahi atakuwahi. Aliyeutamka uvumi wa kwanza hakujulikana, na hata angejitokeza kuukanusha asingesikilizwa, kwa kuwa neno lilikwisha kuwa kubwa kumshinda. Ndiyo maana, tulipofika mahali Kinjeketile anaposema habari ya neno na mwenye kulizaa, hapakuwa na shangwe darasani. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akisoma sehemu ya Kitunda alifunga kitabu, akaomba mwingine aendelee.

Je, tulikosea? Kwa muda mrefu tulidhani kwamba tuliusoma mchezo vibaya, na kwamba wenzetu ndio wenye ufunguo. Leo hatudhani hivyo. Ukiutazama kwa makini utaona kwamba mtu wa kwanza kuliogopa neno ni Kinjeketile mwenyewe. Alipopagawa alitamka kwamba, Mjerumani akishaondoka, watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Anapozindukana na kuambiwa aliyoyasema, anashtuka. Kwa nini tumwage damu ili kubadilisha bwana mmoja kwa mwingine? Anashuku kwamba ametumiwa. Anajaribu kuchelewesha vita, anataka watu wafunzwe kwanza na kuungana, lakini wao hawamsikilizi tena. Maji wanayo, na maji yanatosha. Nabii ameachwa nyuma na unabii wake.

Basi mchezo una masikio yote mawili. Neno linaloamsha watu waliolala, na neno linalowatoroka wenye kulitamka na kuwapeleka wasikokutaka, hayo si mambo mawili katika mchezo huu, bali ni neno moja. Mwandishi hakutuchagulia upande wa kusikiliza. Mtanzania aliyezaliwa baada ya uhuru anasikia mwanzo wa taifa lake. Mrundi aliyekulia katika miaka ya vita anasikia onyo. Kila mmoja ana haki, ila haki yake si kamili mpaka asikie na ya mwenzake. Sisi tulihitaji wenzetu watufundishe kwamba kukataa kwa Kinjeketile kunahusu heshima ya waliokufa, wala si ukaidi wa mtu mmoja. Tunathubutu kusema kwamba nao walituhitaji ili wakumbuke kwamba Kitunda hakuwa mwoga wala msaliti. Alikuwa amewahesabu wafu, basi.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, hasa anayefundisha nje ya nchi ulikozaliwa mchezo, tunaona mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, wanafunzi wasomeshwe utangulizi wa mwandishi kabla ya onyesho la kwanza, na tarehe ya 4 Agosti 1905 iandikwe ubaoni, ili wasimchanganye Kinjeketile wa Ngarambe na yule wa jukwaani. La pili, wasiambiwe mapema nani shujaa. Wakishafika onyesho la mwisho, kila mwanafunzi aandike kwa lugha yake mwenyewe, hata kama sarufi yake ina kasoro, lile ambalo Kitunda angemjibu Kinjeketile baada ya kukataliwa.

Sisi tuliliandika zoezi hilo baada ya miaka mingi, tukiwa walimu tayari. Kitunda wetu alisema kwamba atanyamaza mbele ya askari kwa ajili ya wajukuu, lakini akirudi kijijini atawaambia wajane ukweli. Hatujui kama Hussein angelikubali jibu hilo. Wanafunzi wetu, tulipowasomea, waligawanyika nusu kwa nusu, na kengele ya mapumziko ikalia wakiwa bado wanabishana kwa Kiswahili.