Historia ya Uwakilishi wa Vyama vya Siasa Miongoni mwa Majimbo katika Seneti ya Marekani

Seneti ya Marekani ina maseneta 100, wawili kutoka kila jimbo kati ya majimbo 50. Baraza hili huidhinisha mikataba ya kimataifa na huthibitisha uteuzi wa mawaziri, mabalozi na majaji wa Mahakama ya Juu. Kwa sababu hiyo, chama kinachowakilisha jimbo fulani katika Seneti ni suala linalogusa taifa zima.

Msingi wa Kikatiba

Usawa wa majimbo ulitokana na maafikiano yaliyofikiwa Philadelphia mnamo Julai 16, 1787. Majimbo makubwa yalipewa uwakilishi kulingana na idadi ya watu katika Baraza la Wawakilishi, ilhali majimbo madogo yalihakikishiwa usawa katika Seneti. Ndiyo maana jimbo la California, lililokuwa na wakazi zaidi ya milioni 39 katika sensa ya 2020, lina maseneta wawili sawa na Wyoming, lililokuwa na wakazi wasiozidi 600,000.

Kila seneta huhudumu kwa miaka sita, na kwa kawaida maseneta wawili wa jimbo moja huchaguliwa katika miaka tofauti. Kwa hiyo jimbo linaweza kuwakilishwa na vyama viwili kwa wakati mmoja.

Kutoka Mabunge ya Majimbo hadi kwa Wapiga Kura

Hapo awali maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Utaratibu huo ulizua mikwamo ya mara kwa mara. Kati ya 1901 na 1903, jimbo la Delaware halikuwa na seneta hata mmoja kwa kuwa bunge lake lilishindwa kuafikiana. Marekebisho ya 17 ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1913, yalikabidhi uamuzi huo kwa wananchi.

Ngome na Mabadiliko

Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe (1861–1865) na kumalizika kwa kipindi cha Ujenzi Mpya, majimbo ya Kusini yaligeuka ngome ya chama cha Democratic. Vermont, kwa upande wake, ilibaki mikononi mwa chama cha Republican kwa zaidi ya karne moja.

Ngome hizo zilianza kulegea katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mwaka 1961, John Tower alishinda kiti cha Texas kwa tiketi ya Republican. Mwaka 1964, ambapo Sheria ya Haki za Kiraia ilipitishwa, Strom Thurmond wa South Carolina aliihama Democratic na kujiunga na Republican. Miaka kumi baadaye, Patrick Leahy akawa Mdemokrati wa kwanza kuchaguliwa seneta wa Vermont.

Kutokana na mabadiliko hayo, majimbo yenye maseneta wa vyama viwili tofauti yalifikia kilele cha 27 katika Bunge la 1979–1981.

Kupungua kwa Mgawanyiko wa Ndani

Tangu hapo idadi hiyo imeshuka. Mwaka 2016, kwa mara ya kwanza tangu kuanza kwa uchaguzi wa moja kwa moja, kila kiti cha Seneti kilichoshindaniwa kilitwaliwa na chama kilichoshinda urais katika jimbo husika. Bunge lililoanza Januari 2025 lilikuwa na majimbo matatu pekee yenye maseneta wa pande mbili: Maine, Pennsylvania na Wisconsin. Hata hivyo, mwaka 2024 majimbo manne, yaani Arizona, Michigan, Nevada na Wisconsin, yalimchagua rais wa Republican na seneta wa Democratic.

Uzito wa kiti kimoja ulidhihirika mwaka 2001. Seneti ilikuwa imegawanyika 50 kwa 50 pale Seneta James Jeffords wa Vermont alipoihama Republican na kuwa mwanachama huru. Hatua hiyo ya mtu mmoja ilihamisha udhibiti wa Seneti kwa Democratic.

Nchini Kenya, ambako kila kaunti kati ya 47 huchagua seneta mmoja, mgawanyiko wa aina hii hauwezi kutokea miongoni mwa maseneta wanaochaguliwa moja kwa moja. Nchini Marekani, jimbo lenye maseneta wa vyama viwili huwa na sauti katika pande zote mbili za Seneti, na majimbo yenye fursa hiyo sasa ni machache.