Mtoto Anayehara Asinyimwe Maji

Ipo imani moja tuliyorithi kwa wazee wetu ambayo wengi wetu tumehama nayo hadi ughaibuni: kwamba mtoto anayehara asipewe maji mengi, kwa kuwa kila anachokunywa kitatoka. Tusiwacheke bibi zetu. Kwa zaidi ya miaka 100 hiyo ilikuwa pia elimu ya madaktari wengi wa Ulaya, na watoto wasiohesabika walizikwa kwa sababu yake.

Kwetu pwani tunakijua kipindupindu tangu zamani. Kilipoivamia Unguja mwaka 1869, alikuwapo daktari kutoka Uskoti, James Christie. Aliulizia kwa wasafiri na wafanyabiashara, akaufuata ugonjwa nyuma kwa nyuma katika njia za misafara na majahazi, na mwaka 1876 akatoa kitabu juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Njia ya ugonjwa ikajulikana. Njia ya kumwokoa mgonjwa ilikuwa bado.

Na hapo ndipo penye ajabu, kwa sababu jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Kipindupindu kilipoingia Uingereza mwaka 1831, William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa akaona imepungukiwa maji na chumvi. Mwaka 1832 Thomas Latta, daktari wa Leith, aliingiza maji ya chumvi katika mishipa ya wagonjwa mahututi, na baadhi yao wakainuka. Lakini wenzake wengi hawakumfuata. Waliendelea kuwatoa wagonjwa damu na kuwapa dawa za kuharisha, yaani kumkausha zaidi mtu anayekufa kwa kukauka. Hata katika karne ya 20, watoto wenye kuhara waliachishwa chakula ili eti tumbo lipumzike.

Kwa nini basi maji matupu hayatoshi? Anayehara hupoteza maji pamoja na chumvi za mwili. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba sukari na chumvi hupenya ukuta wa utumbo zikiwa pamoja. Zikipita, maji huzifuata. Na mlango huo hubaki wazi hata kipindupindu kikiwa kikali. Mwaka 1968, huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wakinywa mchanganyiko huo, haja ya dripu hupungua sana.

Wakubwa wa tiba walisitasita, hadi vita vilipowalazimisha. Mwaka 1971 mamilioni ya watu walikimbia kutoka nchi ambayo leo ni Bangladesh na kuingia India. Katika hospitali ndogo ya Bongaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na chupa za dripu huku wagonjwa wakilala sakafuni. Akapima katika kila lita ya maji gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi ya kuokea, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa hadi watu 30 katika kila 100. Kwa tiba yake walikufa chini ya 4.

Kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Bangladesh, wakiwafundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi ya kubana kwa vidole vitatu na sukari guru ya kukamata kwa mkono. Katika miaka 10 walifikia kaya zaidi ya milioni 12. Mwalimu alilipwa kulingana na mafunzo ambayo mama aliyakumbuka baadaye.

Wasomaji wetu wa Kongo na Rwanda wanaikumbuka Goma ya Julai 1994. Karibu wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Madaktari waliotoka Bangladesh kwenda kusaidia walieleza mwaka uliofuata kwamba katika vituo vya tiba maji yalirudishwa mwilini polepole mno, na mchanganyiko wa kunywa haukutumiwa vya kutosha. Elimu ilikuwapo duniani, ila haikuwa imefika mikononi mwa waliohitajika kuitumia.

Basi na sisi tuijue. Mtoto aliyeanza kukauka huwa na kiu kali, hulialia, macho huingia ndani na mkojo hupungua. Ukifinya ngozi ya tumbo, hurudi polepole. Kwa mchanga, utosi hubonyea. Mpe ORS ya pakiti, ukifuata kipimo kilichoandikwa. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi, ni hatari. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko kila baada ya kuhara. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha uanze tena taratibu. Asiachishwe ziwa wala chakula. Tangu mwaka 2004, WHO na UNICEF wanashauri apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14. Lakini akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au akihara damu, apelekwe hospitali mara moja, na njiani aendelee kunyweshwa kama anaweza kumeza. Huyo huenda akahitaji dripu kweli.

Kuhara bado ni miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi zaidi walio chini ya miaka mitano, na pakiti ya ORS ni ya bei ndogo. Sisi tulio nje tumezoea kutuma pesa mtoto akiugua, na ni vyema. Ila pesa huchukua muda kufika, na mtoto hukauka kwa saa chache. Tukipigiwa simu, swali letu la kwanza liwe: je, mtoto anakunywa?