Kilimia na Vibete Vyeupe: Jinsi Fungunyota Linavyoeleza Maisha ya Nyota

Lushoto, Tanga – Katikati ya Januari, kati ya saa 2 na saa 3 usiku, mkazi wa Lushoto anayetazama upande wa kaskazini pasipo na mawingu wala mwanga wa taa huona juu ya Milima ya Usambara kifungu kidogo cha nyota zilizosongamana. Hicho ni Kilimia.

Jina hilo linahusishwa na kulima. Tangu kale Waswahili walifuatilia kuzama na kuchomoza kwa Kilimia ili kutambua majira ya mvua. Leo utabiri wa mvua hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), lakini kwa wanaastronomia Kilimia kingali kipimo muhimu: kinasaidia kueleza namna nyota zinavyoishi na kufa.

Nyota za rika moja

Kilimia ni fungunyota lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 440. Nyota zake zilizaliwa pamoja kutokana na wingu moja la gesi na vumbi, takriban miaka milioni 125 iliyopita. Kwa kuwa umri wao ni mmoja, kinachozitofautisha zaidi ni masi. Nyota yenye masi kubwa huangaza sana na kumaliza haidrojeni yake mapema; yenye masi ndogo hudumu muda mrefu.

Kibete cheupe ni nini?

Nyota kama Jua inapoishiwa haidrojeni katika kitovu chake, huvimba na kuwa jitu jekundu, kisha hupoteza matabaka yake ya nje. Kinachobaki ni kiini kidogo chenye joto kali, kiitwacho kibete cheupe. Mfano ni Sirius B, mwenzi wa nyota ya Sirius inayong'aa kuliko zote usiku. Masi yake inakaribia ile ya Jua, ilhali ukubwa wake ni kama wa Dunia.

Ushahidi wa Kilimia

Mwaka 1930 Subrahmanyan Chandrasekhar, mwanafizikia kutoka India, alianza kuonesha kwamba kibete cheupe hakiwezi kuzidi takriban mara 1.4 ya masi ya Jua. Hata hivyo, katika Kilimia kimetambuliwa kibete cheupe kimoja. Kwa kuwa fungunyota hilo bado ni changa, nyota iliyokufa mapema hivyo ilikuwa na masi kubwa kuliko zote zinazoendelea kuwaka humo, inayokadiriwa kuwa takriban mara 6 ya masi ya Jua. Kibete kilichobaki kina takriban masi ya Jua moja tu. Hivyo, sehemu kubwa ya nyota hiyo ilitawanyika angani.

Umuhimu wake

Gesi inayotawanywa na nyota za aina hiyo hubeba kaboni na naitrojeni, ambazo baadaye huingia katika nyota na sayari mpya. Sehemu ya kaboni iliyomo katika mboga, matunda na misitu ya Usambara ilitengenezwa ndani ya nyota zilizokufa kabla Jua halijazaliwa. Jua lenyewe linakadiriwa kufikia hatua hiyo baada ya takriban miaka bilioni 5.